Mama, Mimi na Mifupa ya Turkana

Nyinyi vijana mnaosomea upishi siku hizi, na aproni zenu nyeupe na jiko la kuwashwa kwa kidole kimoja, hebu nijibuni. Ukipewa mayai ya kulisha lori nzima ya wageni, na barabara yenyewe ni mawe na makorongo kutoka Kitale mpaka Ziwa Turkana, utafikisha mangapi?

Mimi safari yangu ya kwanza nilifikisha uji. Kamau, dereva wetu, alifungua sanduku, akachungulia, akalifunga polepole kama mtu aliyeona maiti.

"Nafula," akaniuliza, "hii tutakunywa ama tutajipaka?"

Lakini ni yeye huyo huyo aliyenifundisha kuyafukia mayai ndani ya unga wa mahindi, yai lisiguse yai lenzake. Unga unalinda mayai, na ukifika una unga na una mayai. Kabeji funga na gazeti. Kopo la siagi tia ndani ya soksi mpya, iloweshe maji, ining'inize upande lori inapopigwa na upepo. Na ukishaona upepo wa Turkana umeamka, usifunue sufuria. Siku moja nilifunua ugali kidogo tu, kuonja. Kamau alitafuna tonge moja, akatema, akasema ati hajui kama ugali umeingia mchanga ama mchanga umeingia ugali.

Nilikuwa mpishi wa safari. Kampuni yetu ilikuwa ndogo, yadi yake hapo Kitale, na kazi yake kupeleka wageni kaskazini, miaka ya themanini na kitu hadi ya tisini. Wengine walitaka kuona mamba, wengine ziwa lenyewe, lakini wengi walikuwa wanafuata jambo moja: upande wa magharibi wa lile ziwa kulikuwa kumechimbuliwa mifupa ya watu wa kale kabisa, watu wa kabla ya watu. Walitoka Ulaya, walitoka Amerika, wakapanda lori yetu na kukaa juu ya mbao wakirushwa kama mahindi kwa kikaango, ili wakasimame tu mahali hapo.

Kamau hakutaka mwanamke kwa lori. Wazazi wake walikuwa wametoka Nyeri wakanunua shamba nje ya Kitale, na yeye alikuwa ameendesha malori tangu ujana, mtu wa kofia ya sufu hata jua likichoma. Siku ya kwanza aliniangalia toka kichwani mpaka viatuni, akasema, "Mama, jangwa haina choo."

Nikamjibu, "Hata shamba la mahindi haina, na nimelima maisha yangu yote."

Alicheka mpaka akavua kofia. Tangu hapo tukawa ndugu.

Sasa mtaniuliza, mwanamke wa Tongaren alifikaje kwa lori ya wazungu? Mume wangu alifariki watoto wakiwa wadogo. Shamba lilikuwepo, lakini shamba bila pesa ya mbolea ni uwanja wa mpira. Nikaanza kupikia vibarua mjini, makaa nanunua kwa akina mama wa mtaa wa Kipsongo, na siku moja mwenye kampuni akala githeri yangu ya mahindi na maharagwe. Basi. Mama yangu mzazi akahama kutoka kwake karibu na Bungoma mjini akaja kukaa na watoto wangu. Bila yeye nisingeenda popote.

Na mama yangu hakuipenda hiyo kazi. Alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji wa mstari wa mbele, mkono mzito kwa jembe na kwa maneno. Kila nikirudi, kabla hata sijavua viatu, ananiuliza, "Mumeangalia mifupa ya watu tena?"

"Mayi, mimi sijaangalia. Mimi hubaki kambini napika."

"Kwa hivyo unaacha watoto, unaenda mbali hivyo, na hata hicho kitu chenyewe hujaona?"

Na ilikuwa kweli. Wageni wakipanda kwenda kwenye machimbo, mimi nabaki na masufuria, nafukuza mbuzi. Wakirudi wana macho ya watu waliotoka harusini, wanaongea wote pamoja, na mimi nawapakulia supu. Miaka inapita hivyo.

Ikafika mwaka mmoja mama akasema amechoka. Hakupiga kelele. Alikuwa anapepeta maharagwe, akasema bila kuinua kichwa, "Nafula, hii msimu ukiisha, uache. Watoto wanakujua kama mgeni. Mimi nitarudi kwangu."

Nilijua akirudi Bungoma, kazi imekwisha, na karo imekwisha. Nikamwomba mwenye kampuni jambo ambalo hata leo sijui nililitoa wapi: kulikuwa na kiti kimoja tupu safari ya mwisho ya msimu, je, mama yangu angeweza kukikalia? Akamwangalia Kamau. Kamau akakuna shingo. "Wacha mzee akuje," akasema. "Lakini akiniombea barabarani, aombe kwa sauti ya chini."

Nilipomwambia mama, alifuta mikono kwa leso. Kisha akasema, "Nitapanda hiyo rori. Nione kwa macho yangu. Nikiona ni upuzi, tusibishane tena."

"Sawa, Mayi."

Kaka yangu na mkewe Nasimiyu wakachukua watoto. Asubuhi ya safari mama alifika yadi akiwa na vazi lake la kanisa, kitambaa kichwani, na gunia. Nikamwuliza ni la nini. "Chakula," akasema. Nikamwambia, Mayi, mimi ndiye mpishi. Akaniambia ameshaniona nikipika.

Kamau alipakia gunia, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Sitawachosha na barabara. Mnaijua, nyinyi mnapita leo kwa lami mkiwa mmelala. Sisi tuliteremka kutoka Kapenguria masikio yakiziba, baridi ya Kitale ikibaki juu na joto likitupokea chini kama mlango wa tanuri. Wageni walikuwa kama kumi hivi, na karibu na mama alikaa mama mmoja mzee wa Uholanzi, mwalimu mstaafu. Hawakuwa na lugha moja hata kidogo. Walianza kwa kugawana ndizi. Kufika Lokichar walikuwa wanashikana mikono kila lori ikiruka, na wote wawili wanapiga kelele.

Baada ya kupita Lodwar ndipo tulipokutana na laga. Laga ni mto mkavu. Mchanga tu, mpana kuliko barabara kuu ya Eldoret, mwaka mzima hauna tone. Kanuni ya Kamau ilikuwa moja: shuka, utembee kwa miguu, ukanyage, ndipo upitishe gari. Alishuka, akatembea, akarudi, akasema mchanga ni mgumu, tunapita. Katikati gurudumu la nyuma likazama mpaka kwa ekseli.

"Shukeni wote! Toeni mizigo!"

Tukashusha hema, tukashusha masanduku yangu, tukaanza kuchimba na kuweka mabati chini ya magurudumu. Mbingu ilikuwa safi kabisa, jua linatuchoma, wageni wanacheka na kupigana picha. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwa mchanga nikichimba kwa sufuria, kwa kuwa koleo zilikuwa mbili tu.

Mama alikuwa ameshavuka kwa miguu, amesimama ukingoni upande wa pili. Ghafla nikamsikia, "Nafula! Yule mama ana nini?"

Ng'ambo, upande tuliotoka, mwanamke mmoja wa Kiturkana alikuwa anakimbiza mbuzi wake kutoka kwenye laga, anawapiga kwa fimbo na kupiga mayowe, mkono ameuelekeza juu kule mto unakotoka. Hatukuelewa neno hata moja.

"Mtu hafukuzi mbuzi wake hivyo bure!" mama akasema. "Tokeni! Tokeni huko ndani!"

Kamau aliinua kichwa, akasikiliza. Na mimi nikasikia. Ni kama lori nyingine kubwa inakuja kwa mbali, lakini haifiki. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mahali hata hatukuona wingu, na maji yalikuwa yanatujia.

"Wageni juu ukingoni! Mbio!" Kamau akaruka kwa usukani. Mimi na wageni vijana wawili watatu waliokataa kukimbia tukaweka mabega nyuma ya lori. Nilisukuma mpaka nikaona nyota mchana. Gurudumu likazunguka, likatutemea mchanga usoni, likazunguka tena, kisha likauma bati na lori ikaruka kama fahali aliyechomwa. Ikapanda ukingo ikinguruma. Sisi nyuma yake tunakimbia kwa miguu na mikono.

Nilipogeuka, maji yalikuwa yamefika. Hayakuja kama maji ya mto wenu. Yalikuja kama ukuta wa tope, yakiwa na magogo na miiba na povu. Mabati yetu yakaenda. Hema moja ikaenda. Na masanduku yangu mawili, ya unga na mayai, yakaelea kidogo kwa heshima, halafu yakaenda.

Kisha mwalimu wa Uholanzi akaanza kupiga makofi, na wengine wakapiga, wakamkumbatia Kamau, wakamkumbatia mama yangu, na yule mwanamke wa mbuzi ng'ambo ile akatupungia fimbo. Nilimpungia kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nacheka. Sijawahi kujisikia hai namna ile.

Furaha ikapita, nikakumbuka mimi ni mpishi na sina unga.

"Mayi," nikasema, "hilo gunia lako lina nini?"

Alifungua kamba polepole, amefurahi. Unga wa wimbi na mtama. Maharagwe. Majani ya kunde yaliyokaushwa. Na chumvi ya kienyeji, ile ya kuchujwa kutoka kwa majivu, ambayo huwezi kupikia kunde bila yake ukajiita Mbukusu. Jioni hiyo mama yangu alisonga ugali mweusi kando ya laga, mimi nikiwa msaidizi, na wageni wakala kwa mikono mpaka wakakwangua sufuria. Kamau aliomba kuongezewa. "Nafula," akasema mdomo umejaa, "kwa nini hukutuambia kwenu kuna mpishi?"

Tulifika karibu na machimbo siku iliyofuata. Kila mtu akaanza kujitayarisha, na mimi kwa mazoea nikaanza kutafuta mawe matatu ya jiko. Mama akaniuliza nafanya nini.

"Napika. Wakirudi watakuwa na njaa."

"Yaani nimekuja njia hii yote, nitaenda peke yangu na Mholanzi?"

Nilisimama na jiwe mkononi. Halafu nikaliacha lianguke. Kwa nini sikuwahi kufikiria? Nilichimba shimo kwenye mchanga, nikajaza kuni, nikazichoma mpaka zikawa makaa. Maharagwe yaliyolala kwa maji nikayatia kwa sufuria nzito, mfuniko nikaufunga kwa waya, nikaiteremsha juu ya makaa, nikaweka mengine juu, nikafukia yote kwa mchanga. Chakula kikipikwa hivyo hakihitaji mtu wa kukiangalia. Mbuzi hawezi kukifikia. Huo ufundi shikeni: shimo liwe la kina cha mkono wako mpaka kiwiko, na maji yafunike maharagwe vizuri, kwa sababu hutafunua kuongeza.

"Kamau!" nikaita. "Leo nakuja."

"Ulichelewa wapi?" akasema.

Mlinzi wa pale aliitwa Ekal, Mturkana mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyewahi kufanya kazi na wachimbaji. Alikuwa anatembea kichwa kimeinama, kama mtu aliyeangusha shilingi. Alituonyesha kilima kidogo kilichochimbwa, akatuambia hapo ndipo ilipotoka mifupa ya mtu wa kale. Alituchorea kwa fimbo mchangani jinsi alivyokuwa amelala. Alisema huyo mtu alikuwa anasimama wima kama sisi, miguu mirefu, na kwamba kulikuwa na nyasi na maji mengi pale palipo na mawe sasa. Wageni walikuwa wanapiga picha. Mimi sikuweza kusogea. Miaka yote nilifikiri ni mifupa tu. Sasa nilikuwa naona mtu amelala, na anaumwa, na hakuna mtu wa kumpa maji.

Mama ndiye aliyeanza kuuliza, na hakuacha.

"Alikuwa anakula nini?"

"Nyama akipata. Mizizi. Matunda."

"Alikuwa na mama?"

Ekal alitabasamu. "Kila mtu ana mama."

"Nani alimzika?"

"Hakuna. Alianguka kwa matope, matope ikamfunika."

Mama akakifungua kitambaa, akakifunga tena vizuri. Akainamisha kichwa pale pale kwenye jua, midomo inacheza. Wageni wakaacha kupiga picha, wakashusha kamera. Alipomaliza nilimwendea, nikaogopa anachotaka kusema. Nilijua hiyo ndiyo hukumu.

"Nafula," akasema, "mchungaji wetu anasema dunia iliumbwa juzi tu. Lakini hii si ya juzi. Mungu alianza kazi mapema, bana! Na hakuwa na haraka."

Sikujua kama nicheke au nilie.

Baada ya hapo Ekal alituacha tutembee kando ya kilima, kwa onyo moja: angalia, usiguse. Kamau alikuwa mkali sana kwa hilo. Mwaka uliotangulia mgeni mmoja alificha jiwe mfukoni, na Kamau akazima lori katikati ya jua kali akakataa kuiwasha mpaka jiwe lirudishwe lilikotoka. Jiwe likihamishwa, aliniambia, limenyamazishwa. Halisemi tena lilikuwa na nani.

Mama alitembea ameinama, mikono nyuma, hatua fupi fupi, vile vile anavyotembea kwa mahindi akitafuta magugu. Nikasikia, "Nafula! Kuja! Kuja haraka!"

Alikuwa amesimama miguu imeachana kama golikipa. Katikati ya miguu, kwenye changarawe, kulikuwa na kitu cheusi kinachong'aa, kikubwa kama kidole gumba, na kingo zake hazikuwa za jiwe.

"Sijagusa," akasema. "Mwambie huyo kijana sijagusa."

Tukampigia Ekal kelele. Alikuja mbio, akapiga magoti, akatoa brashi ndogo mfukoni. Wageni wote wakatuzunguka. Mwalimu wa Uholanzi alinishika mkono kwa nguvu. Ekal alipangusa kidogo, akapuliza, akapangusa tena.

"Ni jino," akasema.

"La mtu?" mama akauliza, sauti imekuwa nyembamba.

Alilala kifudifudi kabisa, akalichungulia upande huu na upande ule. "Hapana, Mama. Ni la kiboko. Kiboko wa zamani sana."

Nilifikiri atavunjika moyo. Lakini mama yangu alinyoosha mgongo, akaangalia mawe, miiba, jua, ile nchi kavu isiyo na hata kidimbwi.

"Kiboko?" akasema. "Hapa? Basi maji ilikuwa kweli!"

Akapiga kigelegele. Kigelegele cha harusi, kile cha kuitana kutoka kilima hadi kilima kwetu Bungoma. Mwalimu wa Uholanzi akajaribu kukiiga akatoa sauti ya jogoo mgonjwa, na tukacheka mpaka Kamau akakaa chini. Ekal aliliacha jino palepale, akapanga mawe madogo kulizunguka ili wataalamu wakija walione. "Hapa sasa ni kwa Mama," akasema.

Tuliporudi kambini nilifukua sufuria. Maharagwe yalikuwa yameiva mpaka yanayeyuka ulimini. Wote walikuwa wanaongea kwa wakati mmoja, wana macho ya watu waliotoka harusini, na safari hii hata mimi nilikuwa naongea, mwiko mkononi, hakuna anayepakuliwa.

Njia yote ya kurudi mama hakusema lolote juu ya kazi yangu. Nami niliogopa kuuliza. Tukapita Lodwar, tukapanda milima, baridi ya Kitale ikatupokea, na yeye anaimba tu. Tulifika Tongaren jua likiwa bado juu, watoto wakamrukia, kaka yangu na Nasimiyu wakatoa viti. Nasimiyu akaleta chai. Mama akanywa kikombe chote kwanza.

"Haya," kaka yangu akasema, "umeona. Sasa Nafula aache ama asiache?"

"Nafula hawezi kuacha," mama akasema.

Nilifunga macho.

"Lakini mimi kukaa na hawa watoto kila safari, hapana. Msimu ujao mtafute mtu mwingine wa kukaa nao wiki moja."

"Kwa nini tena, Mayi?" Nasimiyu akauliza.

Mama alimpa kikombe kitupu, kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Si mimi na Nafula tunaenda kumtafuta mwenyewe? Tumepata jino la kiboko tu. Mtu bado."